Wito, Shauku na Nauli: Soma Hii Kabla Hujakubali Kazi kwenye Kampuni Changa



Sisi tunaosoma ualimu tunaingia mwaka wa kwanza tukiwa tumeshaambiwa sentensi moja hadi imetuchosha: ualimu ni wito. Anakuambia mjomba, anakuambia mwalimu mkuu wa shule uliyopangiwa fildi, anakuambia hata jirani akikuona umebeba chati. Nilidhani neno hilo ni letu peke yetu. Likizo ndefu iliyopita nikagundua lina ndugu yake mjini, anaitwa shauku, na anaishi kwenye kampuni changa, hizi tunazoziita stataapu.

Naandika makala hii kwa sababu nina ofa mezani. Kampuni niliyofanya nayo kazi likizo ile inataka nirudi nikimaliza mwaka wa tatu. Wenzangu wengi, hasa wa kompyuta, biashara na sisi wa elimu tunaosubiri ajira za serikali, wana ofa kama hiyo au wataipata. Wanabishana bwenini: ufuate moyo au ufuate hela? Nimekaa na swali hilo tangu Januari, na nimeona tunaliuliza vibaya.

Kilichonitokea

Kampuni yenyewe ni ndogo, watu saba, chumba kimoja maeneo ya Kijitonyama. Inatengeneza masomo mafupi ya sekondari yanayosomeka hata kwenye simu ya kitochi, kwa meseji. Mimi niliandika Baiolojia ya kidato cha pili. Niseme ukweli, sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda ile. Wiki ya tatu iliingia meseji ya mwanafunzi mmoja kutoka mkoa wa Tabora: "Mwalimu leo ndo nimeelewa osmosisi." Nilimsomea kila mtu ofisini. Usiku nikakosa usingizi, nawaza namna ya kuandika somo la usanisinuru bila mchoro hata mmoja.

Malipo yalikuwa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Nilikuwa nakaa nyumbani Mbagala, na kila siku ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, shilingi 2,600. Siku 22 za kazi ni 57,200. Chakula cha mchana 2,500 kwa siku, jumla 55,000. Bando 20,000, maana intaneti ya ofisi ilikuwa inakatika. Kilichobaki mfukoni ni 17,800.

Agosti nikalipwa. Septemba nikalipwa. Oktoba mwanzilishi, ambaye sote tulikuwa tunamwita kaka, alituita akasema mfadhili amechelewa, tuvumilie, sisi ni familia, na aliyekuja kwa ajili ya hela anaweza kuondoka. Hakuna aliyeondoka. Nani angeinuka mbele ya wenzake akiri kwamba amekuja kwa ajili ya hela?

Kwa hiyo mwezi mzima mama yangu, anayeuza vitumbua Rangi Tatu, alinipa 5,100 kila asubuhi ya nauli na chakula. Kitumbua kimoja anauza 200. Ina maana vitumbua zaidi ya 25 kila siku vilikuwa vinaenda Kijitonyama. Ukitafuta mwekezaji wa kwanza wa kampuni ile, ni mama yangu, ila kwenye orodha ya wenye kampuni hayumo.

Saikolojia inasemaje

Waliosoma Saikolojia ya Elimu wanakumbuka motisha ya ndani na motisha ya nje. Ya ndani ni pale unapofanya jambo kwa sababu lenyewe linakuvuta. Ya nje ni pale unapolifanya kwa ajili ya malipo, cheti au kuogopa fimbo.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci wa Marekani alichapisha majaribio aliyoyafanya na wanafunzi wa chuo kwa kutumia fumbo la vipande vinavyopangwa kutoa maumbo. Katika jaribio mojawapo, kundi moja lililipwa dola moja kwa kila umbo walilolipatia, kundi jingine halikulipwa. Malipo yalipoondolewa, waliokuwa wamelipwa walipunguza muda wa kuchezea fumbo wakiwa huru. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wakapata jambo linalofanana kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora: walioahidiwa cheti mapema ndio baadaye walichora kidogo zaidi kwa hiari yao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungua.

Hii niliiona kwa macho yangu. Septemba ofisi ilianzisha zawadi ya shilingi 5,000 kwa kila somo litakalozidi lengo la wiki. Masomo yakaongezeka, lakini yakawa mafupi. Mimi mwenyewe nililikata somo la mmeng'enyo wa chakula vipande vitatu ili yahesabike matatu. Shauku yangu iliuzwa kwa 10,000, na muuzaji nilikuwa mimi.

Hapo ndipo wenye kampuni wanapopenda kuishia: "Mnaona? Hela inaharibu moyo." Lakini majaribio yale yalihusu zawadi inayoahidiwa kwa kila kipande cha kazi. Hayakusema mtu mwenye moyo asilipwe mshahara. Watoto wale wa chekechea walikuwa wanarudi nyumbani kula.

Mtafiti mwingine, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 1959 kitabu kilichotokana na mahojiano na wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh. Walitofautisha mambo yanayomfanya mtu aridhike na kazi, kama mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe, na mambo yanayomfanya achukie kazi yakikosekana, kama usimamizi mbaya, mazingira mabovu na mshahara. Wakasema hayo ni makundi mawili, si ngazi moja.

Kwa lugha ya bwenini, mshahara ni kama maji ya bomba. Yakitoka hakuna anayepiga vigelegele, kila mtu anaendelea na mambo yake. Yakikatika siku tatu, bweni zima halina mazungumzo mengine. Oktoba ile sikuandika somo hata moja zuri. Kazi nilikuwa bado naipenda, lakini kichwa kilikuwa kinahesabu nauli.

Kwa hiyo shauku na hela hazishindanii kiti kimoja. Shauku inakuchagulia kazi ipi uifanye na uifanye vizuri kiasi gani. Hela inaamua utaweza kubaki muda gani. Ukikosa ya kwanza unakuwa mtu wa kusubiri saa kumi na moja jioni ufunge begi. Ukikosa ya pili, mtu mwingine anakulipia, na mara nyingi ni mtu wa nyumbani kwenu.

Hisa, kwa lugha ya kikoba

"Sawa," utaniambia, "lakini kampuni changa inatoa hisa." Ni kweli. Ofa yangu ya sasa ni mshahara wa 300,000 kwa mwezi pamoja na hisa nusu asilimia. Shule moja binafsi imenitajia 550,000. Kaka anasema tofauti yote itafidiwa na hisa.

Nilimweleza mama. Mama hajasoma biashara, lakini yuko kwenye kikoba mwaka wa tisa huu, na neno hisa analijua kuliko mimi. Akauliza: "Daftari liko wapi? Hisa moja bei gani? Mnagawana lini?" Nikakosa jibu la yote matatu. Nikaenda kusoma, na niliyoyapata ni haya.

Kikoba na kampuni vinafanana mwanzoni. Kwenye kikoba unanunua hisa, zinaandikwa, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kwenye kampuni yenye hisa iliyosajiliwa BRELA, mwanahisa ni yule aliyeandikwa kwenye rejesta ya wanahisa. Hisa uliyotajiwa kwa mdomo ukinywa chai ofisini haijawa hisa. Ni nia njema tu.

Tofauti zinaanza mbele. Kikoba kinavunjwa mwisho wa mzunguko, kila mtu anabeba chake. Hisa za kampuni changa huwezi kuzipeleka dukani. Zinageuka hela kampuni ikinunuliwa, ikiingia soko la hisa, ikigawa gawio, au akitokea mtu wa kuzinunua kutoka kwako. Hayo yanaweza kuchukua miaka, au yasitokee kabisa.

Pili, hisa za mfanyakazi kwa kawaida hazikabidhiwi siku moja, zinaiva polepole. Utaratibu uliozoeleka kwenye kampuni za Marekani, ambao wengi wameuiga, ni miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka mmoja hupati kitu.

Tatu, asilimia hupungua. Tuseme kampuni ina hisa 1,000 na wewe unazo 5, yaani nusu asilimia. Anakuja mwekezaji, kampuni inatoa hisa mpya 250, anazichukua yeye. Zako bado ni 5, lakini sasa ni 5 kati ya 1,250, sawa na asilimia 0.4. Hajakuibia mtu. Ndivyo inavyofanya kazi, na wawekezaji wakija mara tatu utapungua mara tatu.

Nne, na hili ndilo lililonishtua, kuna foleni. Wawekezaji wengi huweka sharti kwamba kampuni ikiuzwa, wao warudishiwe kwanza hela waliyoweka. Tuseme yule mwenye hisa 250 aliweka dola 1,000,000, halafu kampuni ikauzwa dola 1,200,000. Kwa sharti hilo anachukua milioni yake. Dola 200,000 zilizobaki wanagawana wenye zile hisa 1,000 za mwanzo, na wewe mwenye 5 unapata dola 1,000. Mwenyewe ulikuwa umepiga hesabu ya nusu asilimia ya kampuni nzima, dola 6,000. Ukigawa hiyo 1,000 kwa miaka minne ya mshahara mdogo, utacheka ili usilie.

Hisa si utapeli. Ziko zilizowatajirisha watu. Ila ni bahati nasibu yenye hesabu zake, na haifai uilipie kwa nauli ya mama.

Hadithi tunazosimuliwa

Kaka alipenda kutusimulia habari za David Choe. Ni mchoraji wa Marekani aliyepewa kazi ya kuchora kuta za ofisi ya Facebook mwaka 2005, kampuni ikiwa changa. Badala ya fedha taslimu akachukua hisa. Kampuni ilipoingia soko la hisa mwaka 2012, hisa zile zilikadiriwa kufikia takriban dola milioni 200. Kisa hiki ni cha kweli. Ila Choe tunamjua kwa sababu Facebook ilifanikiwa. Aliyechora ukuta wa kampuni iliyokufa na kulipwa hisa, nani atakusimulia habari zake?

Kwa majirani zetu Kenya, kampuni ya chakula ya Kune ya Nairobi ilichangiwa dola milioni 1 na wawekezaji mwaka 2021. Juni 2022 ikafunga milango, na wafanyakazi wapatao 90 wakabaki bila kazi. Hao nao walikuwa watu wenye moyo.

Mwingine anayesimuliwa sana, yeye kwa kuchekwa, ni Ronald Wayne. Aprili 1976 aliianzisha Apple pamoja na Steve Jobs na Steve Wozniak, akiwa na asilimia 10. Siku 12 baadaye akajitoa, akapewa dola 800. Leo kila mtu anamwita mjinga. Lakini sikiliza sababu yake. Walikuwa wameingia ubia ambao deni la mmoja ni deni la wote, na Jobs alikuwa amekopa kutimiza oda ya kwanza. Wenzake wawili walikuwa vijana wasio na mali ya kukamatwa. Wayne alikuwa mtu mzima mwenye mali, na biashara yake ya nyuma ilikuwa imemshinda. Mambo yakiharibika, wadai wangegonga mlango wake.

Mimi simcheki. Shauku ileile ina bei tofauti kwa kila mtu. Mwenye baba wa kumlipia pango anaweza kufanya kazi bure mwaka mzima, tukamsifu kwamba ana moyo. Mwenye mdogo wake anayesubiri ada akiuliza mshahara ni kiasi gani, tunasema anapenda hela. Kumbe wanaweza kuwa na moyo sawasawa, wametofautiana nyumba walizotoka.

Na mwanzilishi naye tumtazame kwa haki. Kaka hajalala, amemaliza akiba yake, sina ubishi. Lakini yeye anasota kwa ajili ya asilimia 70 ya kampuni. Mimi naombwa nisote vilevile kwa ajili ya nusu asilimia. Hapo neno familia lina kasoro kidogo.

Wito unapogeuka kamba

Mwaka 2009 watafiti J. Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti kuhusu watunza wanyama wa bustani za wanyama huko Marekani na Kanada. Wengi wao wana elimu nzuri na mshahara mdogo. Waliojiona wameitwa na kazi ile waliiona ina maana kubwa zaidi. Haohao ndio waliokuwa tayari kutoa sadaka fedha na muda wao, na ndio waliokuwa rahisi zaidi kunyonywa. Mwaka 2020 Jae Yun Kim na wenzake wakaonyesha upande wa pili: watu huona ni halali zaidi kumtaka mfanyakazi afanye saa za ziada bila malipo, au hata asafishe choo cha ofisi, wakiamini kwamba ana shauku na kazi yake.

Nilipofika hapo nikawakumbuka walimu wangu wa sekondari. Wito wao ulikuwa wa kweli, nimeuona, na bila wao nisingekuwa hapa. Na kila walipodai stahiki zao, wito huohuo ndio uliotumika kuwanyamazisha. Stataapu haikubuni jambo jipya, imebadilisha neno tu na kuongeza viti vya rangi.

Maswali manne ya kuuliza

Mtu akikupa ofa ya moyo na hisa, usimkimbie. Kampuni changa kweli haina fedha, na ukiingia unaweza kujifunza kwa mwaka mmoja mambo ambayo ofisi kubwa ingekufundisha kwa miaka mitano. Muulize haya, kwa adabu.

1. Hela iliyopo benki inatosha miezi mingapi ikiwa hakuna mfadhili mpya? Mwanzilishi makini anaijua namba hii kama jina lake. Akikasirika, umeshajibiwa.

2. Mkataba uko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani. Uliza na michango ya hifadhi ya jamii.

3. Hisa ni ngapi kati ya ngapi, zinaiva lini, na nani yuko mbele yangu kwenye foleni? Yote yawe kwenye karatasi. Asilimia isiyokuwa na jumla haina maana.

4. Mshahara ukichelewa, unachelewa kwa wote? Kama mwezi mgumu unamgusa wa chini peke yake, hiyo si familia.

Swali la tano jiulize wewe: mwezi ambao sitalipwa, nani atanilipia nauli? Mtaje kwa jina. Kisha nenda kamuulize kama yuko tayari. Na usisahau Bodi ya Mikopo, ambayo makato yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ofa ya 300,000 ni 255,000 kabla hujagusa kitu kingine.

Nilivyofanya mimi

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Kijitonyama na maswali yangu kwenye daftari. Nilitetemeka kidogo. Nikamwambia, "Kaka, shikamoo, naomba usinichukulie vibaya." Hakunichukulia vibaya. La kwanza alilijibu palepale: miezi mitano. La nne alinyamaza, halafu akasema Oktoba alikosea, alilipa pango la ofisi akatuacha sisi. La hisa akasema karatasi hazijaandaliwa.

Nikampa pendekezo langu. Siku tatu kwa wiki, mkataba wa miezi mitano kulingana na hela iliyopo, 300,000 kila mwisho wa mwezi, na hisa tuziweke pembeni hadi karatasi ziwepo. Siku mbili zilizobaki nifundishe shule ile binafsi, ambayo imekubali vipindi vya muda. Sikutaka malipo ya kila somo, kwa sababu najijua, nitarudia kukata mmeng'enyo wa chakula vipande vitatu.

Amesema atanijibu Ijumaa. Akikubali nitakwenda kwa moyo wote, kwa sababu yule mwanafunzi wa Tabora bado ana mada sita za kidato cha pili na hazijaandikwa. Akikataa nitamshukuru, nitaingia darasani, na wito wangu nitakwenda nao hukohuko.

Jana nilimweleza mama hatua ilipofikia. Akamimina uji wa mchele kwenye kikaango, akasema, "Vizuri. Ila hilo daftari, wakishaliandika, uniletee nilione."